Fundi na Dole Lisilo Lake

Asubuhi ile ilianza kwa mlango. Mume wa Fundi alikuwa ametoka kumwaga majani ya chai nyuma ya nyumba, akaurudisha mlango nusu kama kawaida yake, na upepo ukaingia hadi pale vyungu vibichi vilipopangwa ukutani. Mkewe hakugeuka. Alikuwa kwenye kigoda, udongo katikati ya miguu. Akasema mtu kafunga geti la wenzake miaka thelathini na moja, mlango wake mwenyewe unamshinda.

Mzee akaufunga. Akamimina chai. Yake akaitia kwenye kikombe cha bati kilichobanduka rangi, maana mfinyanzi hulia gaeni, na mume wa mfinyanzi hana lake la kusema. Ya mkewe akaiweka dirishani, mbali na udongo. Aliwahi kuiweka karibu, mkewe akanywa mchanga, na habari ya mchanga ule ikasemwa wiki nzima.

Wakazungumza mambo ya kawaida. Binti yao alikuwa anakuja Jumapili. Bati la jikoni lilikuwa linavuja pale pale palipozibwa. Betri za redio zimekwisha. Mkewe akamwambia alete mbili, asilete nne kama juzi, redio hailishwi kama ng'ombe. Mzee akavaa kofia akaenda dukani. Kwenda na kurudi hakukufika nusu saa.

Alipoingia alimkuta ameegemea ukuta, mikono bado iko ndani ya chungu, macho wazi kama mtu anayesikiliza jambo la nje. Akamwita Fundi. Hakuitika. Mara ya pili akamwita kwa jina lake la kuzaliwa, ambalo hakulitumia tangu binti yao azaliwe. Hospitali walikaa siku mbili. Ya tatu alizikwa.

Hayo yametosha kusemwa.

Kilichobaki ni maneno ya watu, na maneno ya watu hayana breki. Kinyozi anasimulia wateja wake kwamba yule ndiye mama aliyefukuza upepo. Mwingine anasema alizuia umeme wa nchi nzima kwa ukaidi. Mwingine kaongeza panga mkononi mwake, na kampuni ya umeme wa upepo ikimkimbia. Hakufukuza upepo, na panga alilitumia kukatia nyasi za kuchomea tu. Afadhali jambo lisemwe kama lilivyokuwa, pamoja na upande wake mchungu, kwa sababu upande huo haukuwa wa mke. Ulikuwa wa mume.

Watu wote walimwita Fundi. Alifundishwa kazi na shangazi yake, mwanamke mkali aliyekuwa akikipiga teke chungu kibichi kama mdomo wake umekaa upande, akisema anza tena. Fundi hakurithi mateke. Alirithi macho. Aliweza kutazama chungu kwa mbali akasema kitapasuka wapi. Mumewe alilinda geti la shule ya bweni tangu ujana hadi alipostaafu, kwa hiyo mtaa mzima ukamwita Bawabu. Wakawa wanajulikana hivyo, Fundi na Bawabu, kama majina ya duka.

Vidole vya Fundi vilikuwa laini. Si laini ya mtu asiyefanya kazi. Ni laini ya kizingiti kilichokanyagwa miaka na miaka. Mfinyanzi hulainisha chungu kwa dole gumba lililoloweshwa, ndani na nje, na ndani ya udongo kuna mchanga na vigae vilivyosagwa. Siku baada ya siku, mchanga unakula ngozi. Ile mistari ambayo kila mtu anazaliwa nayo kwenye ncha za vidole, yeye ilikuwa imekwisha.

Ilijulikana siku ya kusajili laini za simu. Mwenye kibanda alikishika kidole cha Fundi akakibandika kwenye kimashine, kikakataa. Akakipangusa, kikakataa. Akakisugua kwenye nywele zake mwenyewe apate mafuta kidogo, kikakataa. Vikaisha vidole vyote kumi. Mwishowe akasema mama samahani, mashine inasema hupo. Fundi akamjibu kwamba hilo ni jema, asiyekuwepo hapigiwi simu za bure. Laini ikasajiliwa kwa jina la binti yao, na nyumbani wakacheka, wakasahau.

Udongo wake ulitoka mahali pamoja tu. Chini ya mgongo wa kilima kuna shimo, na wafinyanzi ishirini na watatu walikuwa wakichimba humo, kama walivyochimba mama zao. Ukipita bila kujua utaona bonde dogo lenye maji ya matope na nyayo za wanawake. Sehemu nyingine udongo upo, lakini ukiupinda unakatika. Wa shimo lile haukatiki.

Miaka miwili juu ya kilima kulisimama mlingoti mwembamba wenye vikombe vitatu vinavyozunguka. Ulikuwa unapima upepo. Kisha ikasemwa kampuni italeta minara mirefu yenye mabawa, izalishe umeme. Watu wakayaita mapangaboi, kama feni za darini, na kinyozi akawa anauliza ni jitu gani hilo lenye joto kiasi hicho. Wengine walitisha wenzao kwamba ng'ombe watakauka maziwa na upepo wote utakwisha, hautabaki hata wa kupepetea nafaka. Fundi hakuingia kwenye hayo. Upepo alikuwa anaufahamu. Vyungu vyake vilichomwa uwanjani, juu ya nyasi na kuni, na upepo ukigeuka ghafla kazi ya wiki mbili inapasuka kama bisi. Alikuwa akisema upepo ni mfanyakazi mzuri ila hasikii la mtu, kama kampuni imepata wa kuisikia basi iwafundishe na wafinyanzi.

Mkutano wa kwanza uliitishwa siku ya Alhamisi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu Alhamisi ni siku ya kuchoma. Mtaa mzima unajua. Ukiona moshi uwanjani, ni Alhamisi. Na moto wa vyungu hauachwi hata kwenda kunawa uso, sembuse kwenda mkutanoni. Aliyepanga siku hiyo ama hakuuliza, ama aliuliza vizuri sana.

Wanawake wakabaki na moto. Waume wakaenda.

Bawabu alikaa benchi la nyuma. Palikuwa na picha ukutani, maneno mengi, na soda moja kwa kila mtu. Baada ya hapo karani wa kampuni, kijana mpole mwenye shati la mikono mirefu, akapita na karatasi na kikasha cha wino. Akasema ni ya mahudhurio. Bawabu akaweka dole. Karani akaangalia orodha yake akauliza mama wa nyumbani yuko wapi. Bawabu akasema anachoma. Karani akasema basi amwekee na yeye, mzee, asije akaachwa nje ya mambo.

Bawabu akaweka la pili, mbele ya jina la mkewe.

Hakuona vibaya, na sababu yake ni hii. Miaka thelathini na moja getini kazi yake ilikuwa kupokea. Lori likileta unga wa shule, dereva anatoa kitabu, Bawabu anaweka dole. Mzigo si wake, na hakuna siku aliyoulizwa kama unga ni mzuri au una wadudu. Dole lake maana yake ilikuwa moja tu: kimefika. Hakujua kwamba kwa watu wengine dole maana yake ni nimekubali. Jioni akamwambia mkewe mkutano ulikuwa mrefu na soda ilikuwa ya machungwa. Habari ya dole hakuitaja. Aliiona ndogo.

Miezi mitatu ikapita. Siku moja Fundi na jirani yake, mfinyanzi mwenzake aliyekua naye, walienda kuchimba wakakuta vigingi vyekundu. Kimoja kilikuwa kimesimama katikati ya shimo. Wakafuata mstari wake kwa macho, unashuka kutoka kilimani, unapita juu ya udongo wao, unaendelea hadi barabara kuu.

Fundi hakung'oa kigingi, ingawa jirani alikuwa ameshakikamata. Akaenda ofisi ya serikali ya mtaa na miguu yake ya matope. Kwenye ubao wa matangazo, chini ya tangazo la mbwa aliyepotea, kulikuwa na karatasi ya mhuri ambayo hakuweza kuisoma. Akampigia binti yao, muuguzi wa mji wa pili, aje. Binti akaja, akasoma, akamgeukia mama yake. Mradi ulikuwa umefika hatua ya mwisho ya kibali. Mwenye pingamizi alete, na siku zilikuwa zimebaki tisa.

Ripoti ya mradi iliyotajwa kwenye tangazo ilikuwa ofisini, na walinyimwa mara mbili. Mara ya kwanza mwenye ufunguo yuko msibani, mara ya pili ufunguo upo ila yeye yuko chakulani. Binti akakaa kwenye ngazi ya ofisi na sare yake nyeupe ya hospitali, kimya, tangu saa nne hadi saa tisa. Watu wakaanza kuuliza kuna mgonjwa gani ndani. Ripoti ikatoka.

Akaisomea nyumbani, wamekaa mkekani. Pale kwenye shimo barabara ya malori itapita, na pembeni yake utatengenezwa uwanja wa mawe wa kusimamishia winchi. Kwenye ramani shimo halikuwepo. Mahali pake paliandikwa ardhi wazi isiyotumika. Na ukurasa wa nyuma ulisema kikundi cha wafinyanzi, wote ishirini na watatu, wameridhia. Yakafuata majina, na mbele ya kila jina alama ya dole.

Wa kumi na saba alikuwa Fundi. Mbele ya jina lake kulikuwa na alama nzuri, kila mstari wake unahesabika, inazunguka kama gamba la konokono.

Fundi aliishika ile karatasi. Akainua dole lake mwenyewe, akaliweka kando ya lile la wino, akatazama moja, akatazama jingine.

"Hili dole," akasema, "halijawahi kufanya kazi."

Binti akacheka hadi akajifuta machozi. Jirani akacheka. Bawabu alikuwa na chai mkononi. Aliitazama hadi ikapoa.

Kesho yake wafinyanzi walikusanyika uwanjani. Fundi akawaambia wachukue masizi ya kuni, wapake madole, wabandike kwenye karatasi nyeupe. Wakapanga mstari. Yakatoka mabaka matupu, meusi, kama mbegu za tikiti, isipokuwa ya wasichana wawili waliojifunza kazi mwaka uliopita. Wale wawili wakaona aibu kwa kuwa na mistari, wakataniwa kwamba wana mikono ya wakubwa wa ofisi. Binti akaandika pingamizi, akaambatisha karatasi ya masizi. Aliandika kwamba karani wa kampuni ameghushi alama za watu.

Bawabu ndiye aliyemsindikiza kuipeleka. Karani alikuwa pale ofisini siku hiyo. Mwenyekiti wa mtaa aliposoma, akasema kwa sauti kwamba hili ni la polisi. Yule karani hakubisha. Alianza kufunga kifungo cha mkono wa shati, akakosea, akafunga tena, akakosea. Bawabu akaviona vile vidole vikihangaika.

Njiani binti alikuwa na furaha. Akauliza baba mbona hasemi kitu. Akajibiwa baba amechoka.

Sasa alikuwa kati ya moto na maji. Akisema, kampuni itasimama iseme waume wenyewe ndio waliotia sahihi, mnalalamika nini, na shimo litafukiwa kwa dole lake. Asiposema, mtu atafungwa kwa kosa ambalo si lake lote, na mkewe atasimama mbele ya watu na uongo asioujua. Alizunguka na jambo hilo siku nzima, akafunga hata milango isiyohitaji kufungwa.

Siku ya tano kati ya zile tisa akamwambia mkewe. Ilikuwa mchana, Fundi anang'arisha chungu kwa kijiwe cha mtoni. Bawabu alisimama, hakukaa. Akaeleza mkutano, wino, lori la unga, kimefika. Maneno hayakuzidi ya kujaza kiganja.

Kijiwe hakikusimama. Kiliendelea kupanda na kushuka tumboni mwa chungu. Fundi akauliza:

"Ile soda ilikuwa baridi?"

Bawabu akasema haikuwa baridi.

"Afadhali ingekuwa baridi."

Basi. Siku mbili hakusema naye tena. Chai aliyowekewa alikunywa, kikombe akakirudisha dirishani. Bawabu alizoea ukimya wa getini, lakini ule ni ukimya wa mtu peke yake. Huu ulikuwa na mwenyewe, amekaa pale, anafanya kazi.

Siku ya saba Fundi akasema, kama anaendeleza mazungumzo ya jana. Alisema wamepeleka chungu chenye ufa sokoni. Mnunuzi mjinga atakitazama, mnunuzi mwerevu atakigonga, na kikigongwa kitasema. Ufa wenyewe haukumwaibisha. Kuuziba kwa majivu ndiko kungemwaibisha. Kwa hiyo barua ifutwe lile neno la kughushi, iandikwe kilichotokea, na siku ya kikao cha pingamizi atakigonga yeye mwenyewe aliyekipasua. Mumewe akasema yeye si mtu wa maneno. Fundi akamwambia hayatahitajika mengi, yale yale aliyoyasema akiwa amesimama yanatosha, ila avue kofia.

Wafinyanzi wenzake ilibidi waambiwe. Jirani alimtazama Bawabu juu hadi chini.

"Shemeji," akasema, "miaka yote ile wewe geti ulikuwa unalinda la nani?"

 Lile neno liliwafikia wanaume wengine, na jioni hiyo hiyo mwashi mmoja akakiri kwa mkewe, halafu fundi baiskeli, halafu mwenye mashine ya kusaga. Ilipofika asubuhi waume kumi na wanne walikuwa wamekiri, na alama zilizobaki zilikuwa za wana wa kiume na mashemeji. Kwa siku kadhaa wanaume wa mtaa ule walitembea na madole yamefichwa ndani ya ngumi. Barua mpya ilifika ofisini siku ya nane.

Kikao cha kusikiliza pingamizi kilifanyika kwenye ukumbi wa shule ile ile. Bawabu aliufungua na kuufunga ukumbi huo miaka yote, hakuwahi kukaa ndani. Alikaa. Mbele kulikuwa na afisa wa mazingira, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, na wakili wa kampuni.

Wakili alizungumza vizuri. Alisema kumbe hakuna kughushi, alama ni za waume halali, na mume ni msemaji wa nyumba. Kwa hiyo ridhaa ipo. Watu wakaguna. Afisa akauliza kama kuna mmoja wa waume hao anayetaka kusema.

Bawabu akavua kofia.

Alisema amelinda geti la hapo hapo nje miaka thelathini na moja. Lori likifika, anaweka dole. Dole lake maana yake mzigo umefika, si kwamba mzigo ni mzuri. Karani alisema mahudhurio, naye aliweka kwamba wamefika.  Watu wakadhani amemaliza. Kisha akasema:

"Lakini mke wangu hakufika. Alikuwa kwenye moto. Nilisema yupo na hayupo. Hilo kosa ni langu, na mtu asimdai yeye kwa kosa langu."

Hakuna aliyemjua aliyewahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho kwa mkupuo mmoja. Akakaa. Fundi alikuwa kiti cha mbele upande wa wanawake. Hakugeuka, ila jirani alimwona akitabasamu, akampiga kiwiko.

Afisa akamwita karani. Akamuuliza karatasi zile zilipokuwa zinawekwa wino zilikuwa na kichwa gani cha habari. Karani akamtazama wakili, akaitazama sakafu. Akasema zilikuwa tupu juu. Maneno ya kuridhia yalichapwa baadaye, mjini, naye hakuulizwa. Alisema yeye aliambiwa akusanye mahudhurio, na alikusanya mahudhurio.

Mkutano wa kwanza ukafutwa wote. Afisa akaagiza uitishwe mwingine, siku watakayoitaja wafinyanzi, mahali watakapopataja, na kila karatasi isomwe kwa sauti kabla ya mtu kugusa wino. Fundi akataja Jumanne, shimoni.

Jumanne ile wapo wanaoisimulia hadi leo kwa kuigiza. Afisa alivua viatu akakunja sketi, akashuka shimoni kama mtu aliyezaliwa huko. Injinia wa kampuni hakuvua. Alipiga hatua tatu na buti lake likabaki. Wanawake wanne walilivuta, likatoka kwa mlio ambao hauwezi kuelezwa mbele ya wakwe. Akacheka mwenyewe, na kuanzia hapo mambo yakawa mepesi.

Fundi hakuhutubia. Alimpa injinia donge la udongo akamwambia aviringishe, lirefuke kama kamba, alipinde. Likapinda hadi ncha zikakutana. Akampeleka hatua ishirini pembeni, akachimba jingine kwa mikono yake, akampa. Likakatika. Akarudia upande wa pili, likakatika. Injinia akarudi kwenye ramani, akaitazama ile ardhi isiyotumika, akatoa kalamu ya risasi, akachora shimo kwa mkono wake. Baada ya hapo akaizungusha barabara nyuma ya kilima, akisema ni mzunguko kidogo lakini huko mteremko si mkali, na hajui kwa nini haikuwekwa huko tangu mwanzo. Fundi akamwambia yeye anajua kwa nini. Ilikuwa Alhamisi.

Karatasi ya uamuzi ilitoka wiki ya saba. Binti aliisoma mara mbili, mama yake akataka ya tatu. Barabara imehamishwa. Shimo limeandikwa kwa jina lake, machimbo ya wafinyanzi, na hapaingii gari. Fundi akairudisha karatasi, akasema haya, kesho kuna kazi, na kesho yake akaenda kuchimba kama ilivyokuwa siku zote. Miezi minne baadaye ndiyo asubuhi ile ya mlango na betri.

Minara hakuiona ikizunguka. Siku zake alikuta misingi tu. Sasa ipo mitano, myeupe, inaonekana hata ukikaa nyuma ya nyumba. Bawabu anaitazama bila chuki. Ikizunguka polepole anajua uwanjani vyungu viko salama, ikienda kasi anawatumia salamu wanawake wasubiri kidogo kabla ya kuwasha. Wanachimba pale pale. Kigoda cha Fundi kimekwenda kwa jirani yake, na wale wasichana wawili wamekuwa wanne. Mmoja juzi alimwonyesha Bawabu dole lake akiwa na furaha. Mistari imeanza kufifia.

Kampuni inataka kilima cha pili. Safari hii walileta barua kwanza, kuuliza siku gani inafaa. Yule karani ndiye aliyeileta, bado ana kazi, na kichwa cha habari cha karatasi zake kiko juu, herufi kubwa. Bawabu alimwambia asome. Akasoma. Akamwambia asome tena. Akasoma tena, wala hakukasirika.

Muhtasari wa mkutano wa shimoni binti amempa baba yake, umekaa ndani ya bahasha ya plastiki. Akija Jumapili anaombwa asome ukurasa wa nne, na anajua ni mstari gani. Afisa alikuwa ameuliza, baada ya ramani kuchorwa upya na ya zamani kuwekwa kando yake, mama kwa hiyo msimamo wako kuhusu mradi huu kama ulivyoletwa mwanzo ni upi, unakubali au unakataa. Fundi alikuwa ndani ya shimo, matope hadi magotini. Mwandishi aliyaandika maneno yake kama yalivyotoka:

"Upepo nakubali. Barabara nakataa. Andika yote mawili, halafu unisomee nisikie."